Treni Niliyoifundisha Bila Kuipanda

Siku yangu ya kwanza kazini nilidanganya darasa zima kabla ya saa nne asubuhi. Nawaeleza mapema, kwa sababu nyinyi walimu vijana mnapenda kutuona sisi wastaafu kama malaika.

Ilikuwa Sironga, ndani ya kanisa, maana shule yetu ya nasari haikuwa na jengo lake. Mabenchi ya waumini tuliyasukuma ukutani. Mwalimu mkuu, mama mkali mwenye miwani kwenye ncha ya pua, alinikabidhi rejista, kipande cha chaki na chati ya herufi. "Mtoto akikuuliza kitu, usibabaike," akaniambia. "Ukibabaika mbele ya watoto, umekwisha." Nilikuwa na miaka ishirini, na neno hilo nililimeza lilivyo.

T ilikuwa ya treni. Kwetu Kisii na Nyamira hakuna reli hata ya dawa, mnajua. Kasichana kamoja kakanyoosha mkono na kuniuliza kwa Kikisii, "Mwalimu, wewe umeipanda?" Macho yote yakanigeukia. "Ndiyo," nikasema, "mara mbili." Hiyo ya pili sijui ilitoka wapi.

Zama zetu zana, yaani vifaa vya kufundishia, tulijitengenezea wenyewe. Vizibo vya soda vya kuhesabia, mipira ya majani makavu ya mgomba, herufi za katoni. Kwa somo la T niliwapanga watoto mstari, kila mmoja ameshika mabega ya mwenzake, mimi mbele nikipuliza honi kwa mdomo, tukazunguka kanisa mpaka chooni na kurudi. Tukishakaa nawasimulia safari zangu. Kila mwaka, nikiandika andalio la somo, ule mpango wa mwalimu kabla hajaingia darasani, treni yangu iliongezewa kitu. Mara jikoni, mara dereva anayenipungia mkono. Uongo, jamani, unataka matunzo kuliko ng'ombe wa maziwa wa gredi.

Nilihamishiwa Keumbu, karibu na soko, ambako mwalimu mkuu alikuwa mzee mpole asiyeuliza kitu ila chai. Baadaye nikapelekwa Kisii mjini. Huko mkaguzi alikuja siku ya T, akakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu.

"Mwalimu Bosibori," akasema baada ya somo, "hii treni unaijua kweli. Ulikuwa unaenda wapi?"

"Mombasa, bwana."

Akaandika kwenye ripoti: Anafundisha mambo aliyojionea. Wenzangu walinipongeza. Mimi nikaenda kuosha vikombe.

Lakini kazi niliipenda, sitasema vingine. Mtoto anayekuja Januari akilia na kuondoka Novemba akijiandikia jina lake, hiyo furaha haina mfano. Nilistaafu nikiwa mzima, nikarudi Sironga kwenye shamba langu la majani chai.

Naishi na Kemunto, mtoto wa binti yangu Moraa. Ana miaka sita, na treni yangu anaijua yote. Kanisani amewatangazia wenzake kwamba magokoro wake, yaani bibi yake, amepanda mara mbili. Likizo iliyopita Moraa akapiga simu kutoka Nairobi. "Mama, nimewakatia tiketi ya Mombasa. Mimi nina kazi, lakini wewe ni mwenyeji wa treni, utampeleka."

Nilikosa pa kushika. Ningesingizia goti, lakini mtoto alikuwa ameshapanga nguo zake. Treni yenyewe sikuiogopa. Niliogopa Kemunto aache kuniamini, kwa kuwa hakuna mtu duniani anayeniamini kama yule mtoto.

Stesheni Nairobi tuliambiwa tupange mizigo chini, mbwa wainuse. Nikaurukia mfuko wangu. "Hizo ni ndizi za mtoto!" Askari akacheka. "Mama, mwache mbwa afanye kazi yake." Kemunto akanitazama.

Ndani nikajitupa kwenye kiti cha kwanza nilichokuta wazi. "Kwenye treni unakaa popote," nikamwambia. Akaja bwana mmoja na begi. "Samahani mama, hiki ni changu." Ole wangu, nikabishana! Nikamwambia nilianza kupanda treni kabla hajazaliwa. Kemunto akaichukua tiketi mkononi mwangu, akaweka kidole chini ya tarakimu, akasoma kwa sauti. "Magokoro, sisi ni behewa la saba. Hili ni la tano." Akatangulia, nami nikamfuata na ndizi zangu.

Treni ikaondoka. Kemunto hakuangalia nje. Aliniangalia mimi.

"Ulisema unakaa popote."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: treni za zamani zilikuwa hivyo. Angeniamini. Nikafungua mdomo nilitoe, likakataa.

"Kemunto, sijawahi kupanda treni. Hii ndiyo ya kwanza."

"Na zile mara mbili?"

"Hazikuwepo."

"Na wale watoto wote uliowafundisha?"

"Niliwadanganya."

Akageukia dirisha lake mpaka nyumba za jiji zikaisha. Nikajua nimempoteza. Kisha akateremka kwenye kiti chake. "Njoo wewe ukae dirishani," akasema. "Mimi nitapanda tena nikiwa mkubwa. Lakini lazima uwaambie."

"Wametawanyika, mama. Wengine wana watoto wao sasa."

"Si unajua kuandika?"

Basi ndiyo nimeandika. Nyinyi niliowafundisha Sironga, Keumbu na Kisii mjini, mwalimu wenu hakuwa amepanda treni, na anawaomba radhi. Nanyi walimu vijana, mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui. Hutakwisha.

Jana nilimsomea Kemunto ukurasa huu wote kabla ya kuutuma gazetini. Alisikiliza vizuri, kidevu mikononi, kisha akasema nimeruka kitu. Sikuandika kwamba, aliponipa dirisha, nililia.

Haya. Nililia.