Hodi Kichwani mwa Kabula

Nyinyi mliobaki hapa Magu mlisema mengi, sasa kaeni niwasimulie. Kilichotuondoa ni jicho la mkwe wangu Kabula. Mimba ya kwanza, jicho la kulia likaingia ukungu, akajifungua, likatakata. Mimba ya pili ukungu ukarudi, ukazidi. Sasa mtoto ameacha kunyonya, mimba hakuna, na jicho linafifia tena. Mwanangu Masanja, mumewe, akaniita mama kwa ile sauti yake ya ng'ombe aliyekosa maji: "Mayuuu, wamemroga." Nikamwambia, mchawi anayeroga jicho moja akaacha la pili ni mvivu. Twende hospitali.

Asubuhi tukapanda lori la pamba. Siku hizi kila mwenye hela ananunua pamba, malori yamejaa. Dereva akamweka Kabula mbele, mimi juu ya magunia kama malkia. Ziwa lilipoonekana, lori likasimama. Kabula akashuka, akaziba jicho zima kwa kiganja.

"Mayu, ziwa limeondoka."

"Lipo, mwanangu."

"Kwa jicho hili halipo."

Hapo hata mimi utani ulinikauka.

Mjini, mtaa wa Igogo, tulipokelewa na rafiki yangu Mama Zaituni, anauza mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Anaongea kama anapiga mnada: "Karibuni, karibuni! Minofu imepanda ndege kwenda Ulaya, sisi tumeachiwa vichwa." Nikamjibu, hata sisi tumeleta kichwa.

Kesho yake tukapanda kilima hadi hospitali. Daktari kijana, sauti laini kama anabembeleza mtoto: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, tabibu."

Kabula alipopigwa picha ya kichwa, akaitundika kwenye taa. Jamani, kichwa cha mkwe wangu kinawaka ukutani, nikaona mpaka mfupa! Juu ya jicho mfupa umenenepa kama sugu ya mkulima.

"Bibi, ndani ya hapa kuna uvimbe. Umeota kwenye utando wa ubongo."

"Utando kama wa uji ukipoa?"

"Kama huo."

"Na uji wenyewe?"

"Mzima. Uvimbe unausukuma tu, na unabana mshipa wa jicho." Akageuza kiti. "Anachomwa sindano ya kupanga uzazi?"

Nikajibu kifua mbele: "Kwangu hakuna mambo hayo."

Kabula, sauti ya mbu: "Ipo, mayu."

Nikaangalia sakafu. Ilikuwa safi sana.

Daktari hakucheka. Akasema mwilini kuna homoni za uzazi, zinatembea na damu. Wakati wa mimba zinakuwa nyingi, na ile sindano ni ndugu yao. Zinapita mwili mzima zikipiga hodi. Nyama nyingi zinanyamaza. Yenye vipokezi ndiyo inaitika karibu.

"Wapokezi? Kama wa bibi harusi?"

"Vi-pokezi, bibi. Lakini kazi ni hiyo hiyo. Tumbo la uzazi linavyo, matiti yanavyo. Na uvimbe wa namna hii mara nyingi nao unavyo. Zikipiga hodi unaitika, unakua."

"Huko kichwani?"

"Huko huko."

Nikajishika kichwa kwa mikono miwili. Nimezalisha wanawake wa kijiji kizima, sijapata kujua kwamba mimba inabisha hodi mpaka juu ya jicho! Mungu ametujenga kama nyumba yenye milango ambayo wenyewe hatujaiona.

Sindano ikaachwa. Daktari bingwa wa upasuaji alipofika, wakaufungua mfupa na kuutoa ule uvimbe. Nikaomba kuuona. Mdogo, mgumu, kama firigisi ya kuku. Kitu kama hicho ndicho kilichozima ziwa zima.

Wakati wa kurudi nilimwomba dereva asimame pale pale. Kabula, kichwa kimefungwa kitambaa, akaziba jicho zima. Akanyoosha shingo kuelekea ziwani.

"Lina ukungu, mayu. Lakini lipo."

Nyumbani Masanja alisikiliza yote, wasichana wake wawili wamemlalia magotini. Kisha akauliza, safari hii siyo kwa sauti ya ng'ombe: "Na mtoto wa kiume je?"

Kabula akainama. Nikasema mimi: "Kwetu kumnyamazia anayepiga hodi ni tusi, nimewalea hivyo. Lakini hodi hii ya mimba tutainyamazia mpaka daktari aseme."

Kabula akacheka, alikuwa hajacheka siku nyingi. "Mayu umekuwa daktari sasa."

"Daktari wapi. Mimi nalinda mlango tu."