Nilivyomzunguka Mama Mkwe Malaba

Chekeni tu, maana nisipoisimulia mimi mwenyewe mtaisikia kwa mwenye chapati wa Malaba, na yule huongeza chumvi mpaka chakula hakiliki. Ndiyo, yule mtu aliyejifunika koti kichwani kando ya barabara kuu, akisukumwa huku na huku mbele ya malori, alikuwa mimi, Wandera wa Lumino, mwenye studio ya picha Busia, mtu mzima na ndevu zangu.

Chanzo ni posa. Jumamosi nilikuwa niende Kiyeyi kujitambulisha kwa kina Athieno, mchumba wangu, na baba yake mdogo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho pale kwao, alikuwa ameshauliza, "Mpiga picha? Si kila mtu ana simu? Hiyo nayo ni kazi?" Neno lile lilinichoma, jamani. Nikasema nitampelekea picha ambayo simu yake haiwezi hata ikilia: Malaba giza linapoingia, kamera imesimama kwenye stendi ya miguu mitatu, jicho lake limeachwa wazi muda mrefu, mpaka taa za malori zinavutika kuwa mistari myekundu na myeupe na watu wanaopita wanayeyuka kama moshi. Akiiona hiyo, nilijiambia, binti ananipa na kiti cha kukalia ananipa.

Basi saa moja jioni nikafika. Malori ya Malaba hayana huruma, kwa hiyo nilikuwa nimeazima koti la reflekta, lile linalong'aa likimulikwa na taa, la jirani yangu anayefanya kazi na watu wa barabara (hapo ndipo akili iliponitoka, ila wakati ule nilijiona mjanja). Nikasimamisha stendi kando ya lami, nikafumba jicho moja, nikainua kidole gumba kupima picha yangu. Mwenye chapati akawa ameniingilia mbele, nikamwambia, "Ssebo, sogea nyuma kidogo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka ile nguzo ya umeme."

Akaliangalia koti, akaiangalia stendi. Sasa ninyi mnajua wafanyabiashara wa kando ya barabara wamezoea nini: kwanza huja mtu wa koti na stendi ya miguu mitatu kupima, halafu rangi nyekundu kwenye milango, halafu tingatinga la kubomoa. Hakuniuliza tena. Aligeuka akapiga yowe, "Banange! Barabara nakuja mpaka kwa nguzo!"

Weh! Sijawahi kuona vibanda vikishuka namna ile. Misumari inang'olewa, mabati yanapita juu ya vichwa, mama mmoja kakunja nyanya zake zote kwenye gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, kinyozi anakimbia na kiti huku mteja wake, kanyolewa upande mmoja, anamfuata akilalamika. Na madereva nao, walipoona kitu cha miguu mitatu kinawakodolea jicho, wakadhani ni trafiki anapima mwendo, wakaanza kutambaa, wakasimama kabisa, honi zikasikika mpaka ng'ambo ya Kenya. Mimi nataka taa zikimbie, taa zimesimama, na watu niliotaka wapite taratibu ndio wanaokimbia! Kwa hasira nikabonyeza kamera hivyo hivyo, nikaiacha wazi, nikageuka niwaeleze kwamba mimi ni mpiga picha tu.

Mdomo nilikuwa nimeshaufungua nilipomwona mama mmoja ana bati kichwani na karai la samaki mkononi. Sura ile naijua, nimeonyeshwa kwenye simu ya Athieno. Mama yake! Na Athieno aliniambia mama anauzia kule karibu na reli.

Sasa, ndugu zangu, kwetu Wasamia na kwao Wajopadhola, mama mkwe humtazami usoni wala humsemeshi. Ukimwona njiani unaingia hata shambani kwa mtu, kwenye mihogo, mpaka apite. Pale Malaba mihogo ningeitoa wapi? Nikavuta koti nikajifunika kichwa chote.

"Anaficha uso!" mtu akasema. "Huyu si wa serikali, huyu mwizi ya viwanja!"

Wakanikokota hadi mbele ya stendi, kwa mama, ambaye alikuwa amesimama na bati lake, hatikisiki. "Toa hiyo koti mimi naona wewe," akasema. Neno moja tu lingeniokoa, na neno lenyewe siwezi kulisema mbele yake. Wananigeuza nimtazame, mimi nageuka nimpe mgongo, wananigeuza tena, nageuka tena, nikamzunguka mama wa watu mara sijui ngapi, kamera bado jicho wazi, taa za malori zinalimulika koti, naomba ardhi ipasuke inimeze.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Mwenye chapati akaichomoa, akaiweka spika, na sauti ya Athieno ikajaa barabara: "Wandera, mpenzi, usipite kwa barabara kubwa, nimesikia leo mama amehamishia samaki huko. Msije mkakutana kabla ya Jumamosi."

Walionishika wakaniachia. Hata honi zilinyamaza (sawa, hapo naongeza).

Nikasikia bati linaanguka. Mama naye kajifunika leso usoni na kunigeuzia mgongo, kwa sababu mila yenyewe haimbani mkwe peke yake. Tukabaki tumepeana migongo, mwenye chapati katikati yetu akawa mjumbe.

"Ambia huyo mtoto ya watu," mama akasema, "nyumba ya samaki yangu yeye najenga, leo leo."

"Mwambie mama nimesikia," nikajibu ndani ya koti.

"Amesikia," akatangaza mwenye chapati. "Na yangu pia najenga."

Nilivijenga vibanda vyote, koti kichwani, nyundo ikipata vidole vyangu mara nyingi kuliko misumari.

Jumamosi nikaenda Kiyeyi na vidole vilivyovimba na picha ile ile, maana nyingine sikuwa nayo. Baba mdogo akaishika, akaisogeza karibu na macho. Waliokimbia wote walikuwa moshi mtupu. Katikati yao mama, bati kichwani, anaonekana mpaka vifungo vya gomesi, na amezungukwa na duara la mwanga mweupe, zuri ajabu.

"Hii taa ni ya gari gani?" akauliza.

"Si gari, mzee. Ni mimi na lile koti."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kutoka jikoni mama akatuma neno: mkwe ataleta mbuzi mmoja wa aibu, na picha haiondoki hapa. Athieno nikapewa.

Koti nimelirudisha, na naapa sitavaa tena reflekta, heri dereva wa lori asinione. Ile picha, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, imetundikwa sebuleni Kiyeyi, na kila nikienda kuwasalimia nakalishwa kwenye kiti kinachoipa mgongo, kwa sababu aliye pale ukutani ni mama mkwe.