Kiota chenye Tundu la Uongo

Enzi zetu, kule nyikani upande wa Makindu, ugoro wa susu, nyanya yetu, haukukaa kwenye mkebe. Ulikaa ndani ya kiota. Kulikuwa na ndege mdogo kama kidole gumba, wa rangi ya vumbi, ambaye jina lake hatukulijua wala hatukulitafuta. Aliokota pamba iliyopeperuka kutoka shambani kwetu, akaishikamanisha kwa utando wa buibui mpaka ikawa mfuko mzito kama blanketi, ukining'inia kwenye mgunga. Ndege akishahama, wazee waliukata wakatilia ugoro. Susu alikuwa na wake, na Jumapili aliuficha kifuani ili akina mama wa kanisa wasiuone.

Dada yangu Mwende ndiye aliyeuharibu. Siku ya kufua aliukuta umefungwa ndani ya leso ya susu, akauloweka na nguo zote. Ulifumuka, ikabaki pamba inayonuka. Susu hakumchapa. Alisema tu, "Mwende, hiyo mfuko umemaliza. Nataka ingine hapa mbuzi zikirudi."

Tulizunguka migungani hadi tukakiona kiota. Tundu lilikuwa wazi. Mwende akaingiza kidole, kikagota. "Hii ni tupu," akasema, akatoa kisu.

Hapo ndege akatua, wala hakutujali. Juu ya lile tundu kulikuwa na mkunjo tuliodhani ni ukuta. Aliuvuta kwa mguu, ukafunguka, akaingia, ukajifunga nyuma yake. Ndani vifaranga wakalia kwa sauti nyembamba. Tundu letu liliwekwa kudanganya nyoka, na sisi tukaingia mtegoni pamoja nao. Mwende alikaa chini na kisu chake. Nilimhurumia, maana susu bila ugoro tulimjua.

Alirudi mikono mitupu, akaeleza yote. "Zikitoka, utaniletea," susu akasema. Hadi vifaranga waliporuka, alifungia ugoro kwenye karatasi ya sukari, ukimwagika kila alipoinama, na kila ulipomwagika tulisemwa nyumba nzima.

Siku hizi mjukuu wangu ana simu inayotambua ndege kwa mlio. Pamba hailimwi tena kwetu, na wachoma makaa wametuachia migunga michache. Juzi aliona kiota kama kile, akanisomea kwenye simu jina la ndege, chakula chake, hata uzito wake. Kisha akaingiza kidole tunduni. "Hakuna kitu, susu."

Nilicheka kimoyomoyo, nikamwambia akae tungoje. Tulingoja mpaka mbuzi wa jirani wakapita kurudi nyumbani. Mwishowe niliinuka, nikaufungua mlango wa juu mwenyewe kwa ncha ya kidole. Kilichotoka ni vumbi. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kijana alikuwa amesema kweli.