Kisanduku cha Mkalimani

Lesian wa Nduruma alikuwa kiziwi tangu homa ya uti wa mgongo ilipompata akiwa na miaka minne. Binti yake Naipanoi alijua kuongea kwa mikono kabla hajajua kutamka "mama", na alipokua, kituo kidogo cha televisheni cha Arusha mjini kilimwajiri awe mkalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari ya saa saba mchana. Majirani walimpongeza Lesian, lakini mwenyewe hakuwahi kumwona kazini hata siku moja, maana mawimbi ya kituo kile hayakufika Nduruma. Miaka miwili ikapita hivyo.

Mwezi wa tano kituo kikaanza kurusha matangazo yake mubashara mtandaoni. Mkewe, Theresia, alifungua simu, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, wakaketi. Naipanoi akatokea pembeni chini, ndani ya kisanduku kisichozidi punje ya harage. Mikono ilikuwa ikienda, lakini vidole havikuonekana. Lesian akaisogeza simu hadi puani, akavua miwani, akaivaa tena. Akajaribu kuikuza picha. Ikawa ukungu mtupu.

"Umemwona?" Theresia alimuuliza kwa mikono.

"Nimeona kitu kinachezacheza," alijibu, akatoka kwenda kulisha ng'ombe.

Jioni Naipanoi alipiga simu ya video. Alimweleza baba yake kwamba alishaomba mara mbili kisanduku kiongezwe ukubwa, akaambiwa kitaziba picha. Lesian hakubishana naye. Jumatatu alivaa koti lake la kanisani, akawapitia viziwi wenzake watatu wa Olasiti, wakaenda mpaka kituoni.

Msimamizi wa matangazo, dada mmoja aitwaye Rozmin, aliwapokea vizuri. "Shikamoo mzee. Karibuni." Akatafuta mtu wa kutafsiri, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Naipanoi akasimama katikati yao, uso umemwiva kwa aibu. Mkalimani hasemi "baba anasema". Husema kana kwamba maneno ni yake.

"Sikuja kumwona binti yangu," alitamka Naipanoi, macho kwenye mikono ya baba yake. "Binti yangu namwona nyumbani. Mmeweka habari mtandaoni, mkasema sasa zinamfikia kila mtu. Mimi hazijanifikia." Hapo Naipanoi akaacha kutafsiri. Lesian akampa ishara aendelee. "Chukua simu yako, dada. Fungua taarifa ya jana, uzime sauti. Halafu niambie wamesema nini."

Rozmin akafanya hivyo. Aliitazama simu dakika nzima bila kuinua kichwa.

"Sijaelewa chochote," alisema.

Juma lililofuata, kwenye matangazo ya mtandaoni, Naipanoi alikuwa amechukua theluthi nzima ya kioo. Mwanzoni Lesian alitazama nywele alizosuka, na jinsi alivyokunja uso kama bibi yake akitaja habari mbaya. Ilipofika habari ya tatu alishasahau kwamba yule ni mwanawe. Alikuwa ameinama mbele, anafuatilia.

Taarifa ilipokwisha Theresia akamgusa bega. "Alikuwaje?"

Lesian alichelewa kulielewa swali.

"Chanjo ya ng'ombe inaanza Alhamisi," alijibu. "Inabidi tuwatoe mapema."