Mirija Iliyobaki Dirishani

Ilikuwa mwaka ule friza mpya ilipoletwa maabara. Hapana, tusidanganyane, friza ilitangulia kwa mwaka mzima. Huu ulikuwa mwaka ilipokuja mashine, na aliyekuja nayo ni shemeji wa fundi mkuu.

Fundi mkuu wa maabara ile aliitwa Mzee Pua. Alikuwa akiotesha bakteria kwenye sahani ndogo, anaziweka kwenye kabati la joto siku mbili, kisha anafunua kifuniko na kunusa. Kunusa kumekatazwa, wanafunzi wote wanafundishwa hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Lakini kuna bakteria fulani ananuka kama zabibu zilizoiva kupita kiasi, na Pua alikuwa akimtaja kabla hajagusa darubini. Watu walikuwa wakija kutoka vyumba vingine kutazama. Raha yake ilikuwa hiyo, na meza yake ya dirishani, miaka ishirini na sita.

Sasa huyo shemeji, mdogo wa mkewe, karudi kutoka masomoni. Yeye haoteshi kitu. Anachukua maji ya damu ya mtoto mwenye homa, anayatia kwenye mashine, na mashine inapima protini moja ambayo hupanda bakteria wakiuvamia mwili. Saa moja tu, jibu hilo hapo.

"Mdogo wangu anapata majibu chai haijapoa," mkewe alisema mezani. "Wewe siku mbili unalea kuvu zako."

"Bakteria si kuvu, mama watoto."

"Haya, unalea bakteria. Umenenepesha wangapi leo?"

Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Pua naye alicheka, lakini akasogeza chakula kando.

Mkuu wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi, akaamua wapimane. Damu ya watoto sitini, iliyohifadhiwa tangu walipougua; wenyewe walikwisha kutibiwa wakapona. Huu ulikuwa utafiti tu. Pua aoteshe, shemeji apime. Mashine ikienda sawa na sahani, itakaa meza ya dirishani, na sahani zitahamia chumba cha nyuma, kule kwenye maboksi.

Siku ya mwisho, saa sita na robo, Pua alikwenda kusoma joto la friza kama kila siku. Akaiona stendi ya mirija ya shemeji, yenye maji ya damu, juu ya meza pale dirishani, juani. Shemeji alikuwa ameitoa, akaitwa kikaoni, akasahau. Protini ile haipendi joto. Ikikaa nje inapungua kidogo kidogo. Mkono wa Pua ulinyooka, ukarudi. Akafungua daftari la joto akaandika, kwa mazoea tu, maana mtu wa maabara akiona kitu anaandika: "Friza, ishirini chini ya sifuri. Mirija iko nje." Akaenda kula.

Saa kumi aliirudisha mwenyewe kwenye friza, taratibu. Na hilo pia akaliandika, pamoja na saa yake.

Majibu yalipotoka, sahani zilionyesha bakteria kwa watoto kumi na mmoja. Mashine iliwaona wanne.

"Mzee Pua, meza yako haiendi popote," mkuu alisema.

Siku tatu alitembea kama bwana harusi. Nyumbani mkewe hakutania tena. Alimpakulia mdogo wake kipande kikubwa cha nyama, akamsogezea na maji. Pua akakihesabu kipande kile pia miongoni mwa vitu alivyomwonea wivu.

Siku ya nne alimkuta shemeji kasimama na daftari la joto mkononi, kidole juu ya mwandiko wa Pua. Shemeji alilifunga, akaenda kwa mkuu, na kupitia mlango uliokuwa wazi Pua akasikia kila neno.

"Mama, kosa langu. Niliiacha mirija nje mchana kutwa."

"Na nani aliirudisha?"

"Si kitu, Mama. Niliisahau mimi."

Alikaripiwa mbele ya watu wote, akapewa damu nyingine ya watoto walewale, iliyobaki kwenye friza, akapima upya. Mashine iliwaona kumi kati ya kumi na mmoja.

Mashine ikahamia meza ya dirishani. Shemeji ndiye aliyebeba sahani za Pua mpaka chumba cha nyuma, akazipanga vizuri kuliko Pua mwenyewe, akafuta na vumbi la rafu. Mke wa Pua hakuambiwa kilichoandikwa daftarini, mkuu hakuambiwa. Na hata kule kunyamaza kwa shemeji, Pua alikuonea wivu, kwa sababu alijua yeye asingekuweza.

Shemeji alikuwa ananawa mikono, bomba wazi, Pua alipomsogelea.

"Shemeji, zingekuwa sahani zangu pale juani, na wewe ndiye unayepita, ungezitoa?"