Kitanda cha toleka kilichombeba mwanajeshi wa Yanonge

Wakuu, heshima kwenu. Hili nililiona kwa macho yangu, sijatia chumvi.

Miaka ya vita nilikuwa naendesha toleka hapa Kisangani, yaani baiskeli ya kubeba abiria.

Serikali ikatangaza fedha za utafiti kwa biashara ndogo zenye wazo la kusaidia kutibu wanajeshi. Tonton Marcel, fundi wa baiskeli pale Makiso, akaomba. Watu walimcheka sana. Akapata!

Akatengeneza kitanda cha magurudumu mawili, kimesukwa kwa nyavu za kuvulia, kinavutwa na toleka. Mimi nikawa dereva wa majaribio. (Nilijiona rubani kabisa.)

Ila aliweka kichwa cha mgonjwa mbele, karibu na mgongo wangu. Daktari wa jeshi aliyekuja kukagua mradi, mama mmoja mpole, akauliza kwa nini.

Tonton akajibu: "Bon, Docta, client wa toleka anapendaka kuzungumuza."

Daktari akacheka, akaagiza kigeuzwe, matope ya gurudumu yasimrukie mgonjwa usoni.

Kabla hatujakigeuza, mtumbwi wa injini ukafika bandarini na majeruhi. Gari la hospitali likajaa. Akabaki mwanajeshi mmoja kijana, damu imemtoka sana. Docta akamwangalia, akaangalia kitanda.

"Mumupakie. Twende!"

Nikakanyaga pedali. Docta akafuata nyuma yangu kwenye toleka nyingine, akipiga kelele: "Muzungumuzishe, asilale!"

Nikamuuliza kijana kwao ni wapi. Yanonge. Mama yuko? Yuko.

"Siku ukirudi, mama atakupikia nini?"

Nikauliza tena.

Wakuu, ile pumzi niliyokuwa naisikia nyuma yangu haikuwepo tena. Nikafunga breki. "Docta, haitike tena!"

Akaruka chini, akatoa damu iliyomziba kinywani, akainua kidevu chake. Tukasubiri. Kifua kikapanda.

Hospitalini Docta akasema mbele ya wote: kichwa kibaki mbele. Kingegeuzwa, nisingesikia kitu.

Nilichojifunza: hata mashine nzuri inahitaji mtu wa kumsikiliza mgonjwa.

Baadaye nilienda kumwona yule kijana. Sikudhani angenijua, maana hakuuona uso wangu. Nikamsalimia. Akafumbua macho aliposikia sauti.

"Vieux, mzee wangu, ni samaki. Ngolo, ndani ya majani. Nilikuwa naenda kukujibu."

Nililia pale pale, sioni aibu.

Nyinyi mliowahi kubebwa mkiwa hoi, nani alikuwa anawasemesha njiani? Nawasoma.