Mbwa Asiye na Kirimi

Kuna asubuhi moja ya Murara, mtaa wetu wa Goma, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake: mafuta ya kukaangia samaki wadogo tunaowaita sambaza, moshi wa kuni mbichi, na lile vumbi jeusi la volkano likiwa limelowa mvua. Nimekaa juu ya kidumu cha maji kilicholazwa. Nimembana mbwa wetu kati ya magoti. Mbele yangu amechuchumaa mama mzee mwenye kisu kidogo kilichopinda ncha, na amekuja kumkata mbwa huyo kirimi.

Nitakueleza taratibu, maana vijana wa leo mnasikia neno kirimi na kucheka. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, mlangoni mwa koo. Zamani kwetu, mtoto akikohoa wiki hadi wiki, akitapika maziwa na kukonda, wazee walisema kirimi chake kimekuwa kirefu, kikatwe. Yule mama mzee mwenye kisu, Mama Nyota, ndiye aliyekikata. Alikuwa na kazi hiyo tangu kijijini kwetu Kibumba, na vita vilipotuleta wote Goma, kazi yake ilimfuata. Wanawake walimjia na watoto mgongoni kabla hajamaliza kunywa chai.

Mbwa aliitwa Waseme. Mama yangu ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu majirani wa Kibumba walikuwa wakiuliza mjane asiye na mbuzi hata mmoja anafuga mbwa wa kulinda nini. Alimjibu kila mtu kwa kumwita mbwa wake kwa sauti kubwa.

Siku tuliyokimbia, barabara ya kuja Goma ilijaa watu, magodoro, mbuzi na baiskeli, na mvua ilinyesha bila huruma. Mahali fulani katika msongamano ule mkono wa mdogo wangu Neema ulichomoka katika mkono wa Mama. Tulirudi nyuma tukisukumana na watu, Mama akiita mpaka sauti ikakauka. Tulimkuta Neema kando ya barabara, ameshika kamba ya Waseme kwa mikono miwili. Mbwa alikuwa amekaa kitako na kukataa kwenda na umati.  Kuanzia siku hiyo Waseme alipewa chakula kabla yangu, nami sikuona ubaya.

Kwa hiyo uelewe tulivyojisikia alipoanza kuumwa koo.

Tulikuwa tumepata chumba kimoja cha mbao huko Murara, na Mama akaanza kukaanga sambaza nje, juu ya mafiga matatu, na kuziuza mwanzoni mwa avenue, barabara ya mtaa wetu. Ugonjwa ulianza hivi: Waseme alisogelea chakula, akakinusa, akakiacha. Alimeza mate huku amenyoosha shingo kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha alianza kukaba, kama aliyekwamwa na mfupa, akitoa povu jeupe. Masikio yalikuwa ya moto, na chini ya taya ulihisi vivimbe viwili. Baada ya siku kadhaa alipona, akaruka na kubweka. Tukashukuru. Halafu yakarudi yale yale.

Tulimfanyia tuliyojifanyia sisi wenyewe. Maji ya chumvi, asali kidogo, na vidonge vilivyobaki Neema alipougua. Akipata nafuu tuliacha, tukasema dawa imefanya kazi. Akiugua tena tulianza upya. Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Walisema mbwa huyo anashikwa na mwezi, maana kila mwezi ukiwa gizani ndipo anapotoa povu. Mimi nilicheka. Vita vilikuwa vimenitoa shuleni, lakini nilikuwa nimeanza kununua vitabu vikuukuu kando ya barabara ya lami na kuvisoma peke yangu, na kijana aliyesoma vitabu vichache ni mwepesi sana wa kucheka.

Kicheko kiliisha siku mkubwa wa avenue, Papa Kasereka, alipokuja na kusimama mbali, mkono juu ya ukuta wetu wa mawe.

"Mama Neema, imbwa yenu iko na wazimu. Batu banaogopa kupita hapa na batoto."

"Papa Chef," nikamwambia, "imbwa ya wazimu haiponake. Hii imeshapona mara nyingi."

"Weye uko docteur?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Mimi pia siko docteur. Mimi niko chef, na minaona povu." Akamgeukia Mama, sauti ikashuka kidogo. "Mama, sipendi kukuumiza. Lakini ikitoka povu tena, nitaita polisi baipige risasi. Usiseme sikukuambia."

Neema alikuwa mlangoni. Alichukua kamba ya Waseme, akaizungusha mkononi mara mbili, akaingia naye ndani.

Ndipo Mama akamwita Mama Nyota. Usimcheke. Alikuwa amejaribu alichokuwa nacho, na muda ulikuwa unamwishia. Hoja yake ilikuwa rahisi: koo linalokataa kupona ni kirimi, na anayejua kirimi yuko nyumba ya tatu.

Basi tukawa pale, mimi juu ya kidumu, Waseme katikati ya magoti yangu. Mama Nyota alinawa mikono, akaniambia nipitishe kitambaa nyuma ya meno ya mbwa na kuvuta taya. Alichungulia. Akageuza kichwa cha mbwa kuelekea mwanga, akachungulia tena. Akakaa chini, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama Neema! Nimekata kirimi ya batoto ya Kibumba yote, nimekata mpaka ya mutoto ya pasta. Lakini hii imbwa, nikate nini? Haina kirimi!"

"Haina namna gani?"

"Njoo uone. Mungu hakuiwekea. Iko tu na hizi nyama mbili ya ku mbavu ya koo, na zimevimba sana."

Tuliangalia sote, hata Neema. Ni kweli, mwanangu. Mbwa hana kirimi. Baadaye nilikuja kulisoma hilo kitabuni, lakini mara ya kwanza nililisoma mdomoni mwa Waseme. Zile nyama mbili ndizo tunazoziita amigdale, na Waswahili wa pwani wanasema mafindofindo.

Nami sikucheka. Nilikuwa nimemwona Papa Kasereka akiangalia ukuta wetu asubuhi hiyo hiyo. Nikasema kwa hasira, "Sasa kama si kirimi, ni nini inarudisha hii ugonjwa kila mara?"

Mama Nyota aliacha kucheka. Alifuta kisu chake, ambacho hakikuwa kimegusa kitu, akakifunga katika kitambaa.

"Unaniuliza mimi? Mimi banaletea batoto bakiwa bagonjwa. Bakiwa bazima, sijui banakula nini, banacheza wapi. Weye unaishi na hii imbwa. Ikiwa mugonjwa, munaikalia kama maiti. Ikiwa muzima, nani anaiangalia? Niambie. Juzi ilikuwa muzima, ilifanya nini muchana?"

Nilimtazama Waseme, nikaona sijui.

"Ndio pale ugonjwa inaishi," akasema, akainuka akishika kiuno. "Na ile kinywa inanuka jino."

Maneno yale yaliniingia. Waseme alipopata nafuu, sikwenda kutafuta kibarua. Nilikaa nyumbani na kumwangalia mbwa mzima, kazi ambayo majirani waliiona ya kipuuzi kupita zote. "Muchungaji wa imbwa moja!" kijana mmoja alinipigia kelele, na avenue nzima ikaniita hivyo mpaka Pasaka.

Waseme alilala. Alijikuna. Alimfuata Neema bombani na kurudi. Hakuna lolote. Kisha siku za mwezi wa giza zikafika, sambaza zikajaa sokoni, maana wavuvi wa ziwa wanavua kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hawafuati taa. Mama alikaanga tangu alfajiri, sufuria ikifurika mafuta. Alipokwenda na karai yake mwanzoni mwa avenue, Waseme aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye mafiga, akalala kando ya jiwe moja, akalikumbatia kwa miguu ya mbele, akaanza kulitafuna.

Unayajua mawe yetu. Ni lava, yana matundu kama mkate, na makali kama tupa ya fundi. Mafuta ya samaki na chumvi yalikuwa yamezama ndani ya matundu hayo. Waseme aliramba, akaguguna, akameza majivu na punje za jiwe. Nilisikia meno yake yakilia. Nilipofungua kinywa chake niliona niliyopaswa kuyaona zamani: meno yaliyolika, na moja la nyuma limevunjika, fizi yake imejaa usaha.

Sasa uone jambo lililonitia aibu kidogo. Majirani waliosema ni mwezi walikuwa wameona sawasawa. Mwezi wa giza ulileta sambaza, sambaza zilileta mafuta, mafuta yalimleta Waseme kwenye jiwe, na jiwe lilileta koo. Walikosea kueleza tu. Macho yao yalikuwa mazuri kuliko yangu. Mtu akikueleza jambo vibaya, usitupe na lile aliloliona.

Nilimpeleka Waseme kwa daktari wa wanyama aliyekuwa akitibu ng'ombe wanaoteremshwa kutoka Masisi. Yeye naye alivaa glavu kabla ya kumgusa, akaniuliza kwanza kuhusu chanjo, akanikemea kwa kuingiza mkono katika kinywa cha mbwa anayetoa povu. Alisema kweli, nami nakuachia onyo hilo kama alivyolitoa: tulikuwa na bahati, na kwa kichaa cha mbwa bahati haitoshi. Aling'oa lile jino, akampa sindano na dawa, akasema dawa imalizwe hata mbwa akianza kuruka, na chakula kiwe laini mpaka koo lipoe. Alisema pia kuna mbwa ambao amigdale zao hukatwa kweli, mbwa akiwa amelazwa usingizi, lakini hilo linafuata baada ya kutafuta chanzo na kukikosa. Chanzo cha Waseme kilikuwa nje ya mlango wetu, kimepangwa pembe tatu.

Yale mawe tuliyaondoa. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea mafiga ya chuma kutoka kwenye rimu ya gari. Mama alilalamika kwamba sambaza zimepoteza ladha, akaendelea kuzikaanga.

Mwezi ukaingia tena gizani. Papa Kasereka alikuja mchana, na polisi mmoja mwenye bunduki nyuma yake. Neema alikuwa ameshamfunga Waseme kamba na kukaa naye kizingitini. Mkubwa wa avenue alisimama pale pale ukutani, akaangalia. Waseme naye alimwangalia. Kisha Neema akaweka mbele ya mbwa bakuli la bugali laini wenye supu ya samaki, Waseme akala bila kunyoosha shingo, akaliramba bakuli mpaka likateleza hadi kwenye viatu vya Papa Kasereka.

"Povu iko wapi?" polisi akauliza.

Papa Kasereka alikuna kidevu. "Imeisha, inaonekana." Akaokota bakuli, akamrudishia Neema. "Mama, ile sambaza ingali moto?"

Walikula wote wawili, wamesimama.

Waseme hakuumwa koo tena kwa namna ile. Miaka iliyofuata vita vilitutoa mara nyingine, tukalala kambi ya Mugunga chini ya hema, na Neema alikwenda kamba mkononi ingawa alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa. Mbwa wetu alikufa kwa uzee, akiwa amelala juani Murara, na meno machache. Jiwe lake nilijengea ukuta wa nyumba hii. Ukipita mlangoni utaona mfereji aliouchimba kwa meno.

Mimi siku hizi natengeneza vyerehani. Mtu ananiletea kimoja kinachokata uzi, nakirekebisha, anarudi nacho. Mara ya pili sikigusi. Namwomba nikaone anavyoshona siku ambayo hakikati.

Na nasaha yangu, mwanangu, ndiyo hiyo. Jambo baya likikujia mara moja, litibu. Likirudi, acha kulipiga pale linapotokea. Nenda ukatazame siku zilizo katikati, zile ambazo ulidhani hazina habari. Ugomvi wa nyumbani unaorudi, fanya hivyo. Mwili unaougua ugonjwa ule ule, fanya hivyo. Na mengine yanayorudi juu ya mji wetu huu, ambayo sina haja ya kukutajia, nayo yana jiwe lake mahali, na yanalitafuna wakati sisi tunasema sasa kuna amani. Usikimbilie kisu. Malizia dawa uliyopewa. Na anayekuuliza swali usiloweza kulijibu, mshukuru, hata kama amekucheka kwanza.

Mungu akuzidishie siku za uzima, na katika siku hizo akuache macho wazi. Ukikimbia, asikosekane wa kushika kamba pamoja nawe. Ukirudi, ukute ukuta wako umesimama.